Kabla ya kuitupa dekoda, pimeni mota

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wenu wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kichwa cha treni ya mfano kinachoshtuka wakati wa kuondoka hakina dawa ila kufungiwa dekoda mpya ya bei kubwa, tena yenye sauti; dekoda ni kile kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri na kuiendesha mota. Mimi nimestaafu kazi ya ufundi umeme kwenye reli, na meza yangu ya treni ndogo iko katika chumba cha nyuma hapa Kamalondo. Simlaumu ndugu yangu, kwa sababu nami nilianza na kosa hilohilo. Lakini vijana wanaojifunza mchezo huu wakiufuata ushauri wake watamaliza akiba zao kwa kununua dekoda moja baada ya nyingine, na vichwa vyao vitaendelea kushtuka.

Katika mfumo wa DCC, yaani wa kuziongoza treni za mfano kwa amri za kidijitali, ambao msingi wake ulitoka kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kanuni na NMRA, chama cha treni za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990, reli hubeba umeme kamili wakati wote, hata treni ikiwa imesimama. Amri husafiri ndani ya umeme huohuo unaogeuzwageuzwa upande: nusu ya wimbi ikidumu mikrosekunde 58 husomwa kuwa moja, ikidumu 100 au zaidi husomwa kuwa sifuri. Dekoda huchagua amri zilizotumwa kwa namba yake, kisha huipa mota umeme kwa mapigo mafupi. Kwa hiyo msukosuko unaweza kuanzia kwenye magurudumu yasiyopokea umeme vizuri, kwenye mota na gia zake, au kwenye namna dekoda inavyoyapanga mapigo yake. Ndugu yangu ameiona sababu ya tatu peke yake.

Kichwa changu cha kwanza kilikuwa cha zamani, na brashi moja ya mota yake iliegemea chesisi, jambo ambalo halikuwa na madhara zama za umeme wa kawaida. Sikulichunguza. Nililehemu dekoda, nikaweka kichwa relini, na kabla sijagusa kidhibiti moshi mwembamba ulipanda kutoka chini ya kibanda cha dereva. Harufu yake ilikaa chumbani hadi jioni, na mke wangu akaniuliza tangu lini tunachoma plastiki ndani ya nyumba. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeshika multimita, kifaa cha kupimia umeme, miaka yote ya kazi: mota yoyote itakayofungiwa dekoda lazima itengwe kabisa na chesisi na reli, na multimita ithibitishe hivyo kwanza.

Multimita hiyohiyo ndiyo inayochagua dekoda. Nakipa kichwa umeme wa volti 12, nazuia ekseli kwa vidole kwa sekunde moja, si zaidi, nasoma ampea. Mota ya kipimo cha 1:87, yaani treni iliyopunguzwa mara 87 kuliko ya kweli, ikionyesha 0.8 inatosheka na dekoda ya ampea 1; ikionyesha 1.3, dekoda hiyo itaungua siku ambayo gia zitakwama, hata kama ina sauti ya honi tamu namna gani. Kuhusu plagi sina mengi: penye tundu la pini nane au ishirini na moja nunua dekoda ya pini hizo, na pasipo na tundu fuata rangi za nyaya, nyekundu na nyeusi kwenye reli, rangi ya chungwa na kijivu kwenye mota.

Sifa ninayoitazama kuliko zote, na ambayo barua ya ndugu yangu haikuitaja, ni uwezo wa dekoda kuisikiliza mota. Dekoda nzuri hukata umeme kwa kitambo kidogo sana, mara nyingi katika kila sekunde. Katika kitambo hicho mota inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyokuwa nayo, na kwa kuzunguka bila kulishwa inageuka jenereta na kutoa volti zake yenyewe. Dekoda huzipima volti hizo, na hapo hujua mota inazunguka kwa kasi gani hasa. Kichwa kikipanda mlima na kulemewa, volti hushuka na dekoda huongeza mapigo; kikiteremka huyapunguza, kama mashinisti anayelisikia behewa la mwisho kwa nyayo zake. Dekoda ya bei ya kati inayofanya kazi hii vizuri itatembeza treni kwa utulivu kuliko ya bei kubwa iliyosifiwa kwa wingi wa sauti zake.

Lakini masikio hayo yanahitaji kurekebishwa, na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema. Mwezi uliopita mjukuu wangu alileta kichwa kidogo cha dizeli kilichodonoa reli kama kuku kila kilipoondoka. CV ni vigezo vyenye namba vinavyohifadhiwa ndani ya dekoda; yeye alikuwa ameongeza CV 3, kigezo cha kuondoka polepole, hadi 40, akidhani anakituliza. Kwa kanuni ya NMRA, thamani hiyo huzidishwa kwa sekunde 0.896, kwa hiyo kichwa kilihitaji karibu sekunde 36 kufikia kasi yote, na muda huo wote kilikuwa kinadonoa. Tulirudisha vigezo vya kiwandani kwa kuandika 8 katika CV 8, kama dekoda nyingi zinavyokubali, tukaweka CV 3 na CV 4, kigezo cha kusimama polepole, kuwa sifuri ili zisitufiche lolote, tukachagua hatua 128 za kasi. Kisha tukaweka kidhibiti kwenye hatua ya kwanza na kupandisha CV 2, kigezo cha umeme wa kuanzia, kwa moja moja, macho yetu yakiwa kwenye gurudumu la mbele. Kwenye 4 lilitetemeka. Kwenye 6 likazunguka, taratibu kiasi cha kuhesabika.

Kudonoa kulibaki kidogo. Ndipo tukagusa vigezo viwili vya usikivu, ambavyo kila kiwanda huvipa namba zake: kimoja ni ukali wa dekoda katika kusahihisha kasi, kingine ni uvumilivu wake. Ukali ukizidi, dekoda huongeza na kupunguza umeme kwa pupa, na kichwa hutetemeka. Ukipungua, huzembea mlimani. Tulipunguza ukali kwa tano tano hadi kichwa kikatulia. Dekoda mpya za kampuni ya ESU hujipima zenyewe: ukiandika 0 katika CV 54 na kubonyeza kitufe cha F1 kwenye kidhibiti, kichwa huchomoka kwa kasi yote kwa sekunde moja na kitu, kwa hiyo kipe reli ndefu iliyonyooka, mbali na ukingo wa meza. CV 3 tuliirudisha mwisho kabisa, na 12 ilitosha.

Kasi ya juu, yaani CV 5, naipima kwa saa na mita moja ya reli. Kilomita 60 kwa saa katika kipimo cha 1:87 ni kupita mita hiyo kwa sekunde 5 na kidogo. Wanaojenga treni zetu za Katanga wakumbuke kwamba njia yetu ina upana wa milimita 1,067, na reli ya milimita 16.5 huukaribia sana katika kipimo cha 1:64. Hapo mita moja ipitwe kwa sekunde karibu 4. Kichwa cha kipimo hicho ni kikubwa na kizito zaidi, basi ampea zipimwe upya.

Na vumbi letu jekundu la kiangazi lisisahauliwe. Hakuna kigezo kinachosafisha gurudumu. Kapasita ya akiba, inayohifadhi umeme kidogo, hukivusha kichwa mahali penye uchafu kwa kitambo kidogo, nami nazipenda, ila kubwa mno husumbua dekoda inapoandikiwa vigezo. Kuhusu umeme wa mjini, vigezo vilivyokwisha kuandikwa havifutiki ukikatika. Pamoja na hayo, mjukuu wangu ameanza kuviandika daftarini.

Ndugu yangu aliyeandika asiitupe dekoda yake ya zamani. Akipenda kuileta pamoja na kichwa chake, gazeti linayo anwani yangu. Multimita iko mezani, nami huwa nyumbani kila Jumamosi baada ya saa nane mchana.

Wenu,
Fundi mstaafu wa umeme wa reli,
Kamalondo, Lubumbashi