Faida, nimelala kwa wazee

Bukavu, Novemba

Ndugu yangu Faida,

Jambo sana, na salamu nyingi kwa baba watoto na kwa wote wa nyumbani. Huku tuko wazima, Mungu anatulinda. Watoto wanasoma, mvua inanyesha kila alasiri, na kule Kadutu udongo umeanza tena kuteremka na nyumba za watu. Mama mdogo anakusalimia, anasema simu zako siku hizi ni fupi mno. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini leo nina jambo linaloninyima usingizi, la kutunza wazee, na katika watu wote ninaowajua ni wewe unayelifanyia kazi kila siku huko Uingereza.

Wamama wa shirika walinichagua niingie kwenye kamati ya parokia inayotembelea nyumba ya wazee. Ni hiyo hiyo anakokaa Mwalimu wetu wa zamani tangu afiwe na mke wake. Watoto wake wako Kinshasa na Ubelgiji, unawajua. Walikuwa wanatuma vizuri, lakini tangu benki zifungwe hapa Februari 2025 pesa zinapita kwenye simu au mikononi mwa wanaovuka mto Ruzizi mpakani, na kila mkono unaozigusa unabaki na kidogo. Mwalimu amekonda. Kichwa bado ni kile kile: alinisahihisha Kifaransa mbele ya masista, kisha akaniuliza kama wewe bado unaandika herufi zako zimelala upande.

Sasa sikiliza. Kamati inakwenda Jumapili baada ya misa, na sabuni, mchele, na sambaza, wale samaki wadogo. Tunaimba, tunashikana mikono, tunapita kwenye vitanda, katibu anaandika "hali ni nzuri", tunarudi. Na mchana hali ni nzuri kweli, naisema kwa moyo wote. Sakafu imeoshwa, wazee wameoga, sombe imepikwa ikaiva, na masista wale wanazungumza na kila mtu kwa jina lake, hata na yule mama asiyejibu tena. Usije ukasoma barua hii ukadhani nawalaumu.

Lakini nilikuwa nakumbuka ulichonieleza kuhusu wakaguzi wa Care Quality Commission, wanaokagua nyumba za wazee huko kwenu. Kwamba mara nyingi wanafika bila kutoa habari. Kwamba wanatafuta majibu ya maswali matano: je, watu wako salama, je, matunzo yanawafaa kweli, je, wahudumu wana utu, je, kila mmoja anasikilizwa kwa haja zake, na je, uongozi umesimama. Halafu wanatoa daraja, moja kati ya manne, na nyumba inalazimika kulibandika mahali ambapo mgeni ataliona. Huku Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema mzee ana haki ya hatua maalum za kumlinda. Mimi nikajiuliza: usiku, huyo Mwalimu analindwa na nani? Kwa sababu sisi wote, kamati, wageni, watoto wanaopita wakati wa likizo, tunaiona nyumba ile kukiwa na jua tu.

Nikamwomba sista mkubwa nilale kule. Hakusita. Aliniandalia godoro mwenyewe.

Faida, nyumba ile ya usiku si ile ya mchana. SNEL walikata umeme kama kawaida, ikawa mishumaa na matochi. Mhudumu wa usiku ni mmoja, msichana mwenye bidii, peke yake kwa vyumba vyote. Nje kuna zamu, yaani mlinzi wa usiku. Zamu anafunga mlango mkubwa kwa kufuli, kwa nje, na ufunguo anautia mfukoni mwake. Madirisha yote yana vyuma. Wezi wapo, tena wenye silaha, siwezi kumwambia mtu yeyote wa Bukavu alale mlango wazi. Lakini moto ukiwaka ndani, na zamu ameenda kujikinga mvua kwa jirani, wazee wale watatoka wapi?

Chumba cha Mwalimu ni cha mwisho kwenye korido. Kati yake na mlango kuna kistoo: humo ndimo ilimo kontere, yaani mita ya umeme, na nyaya zake, na humo humo wameweka magodoro ya zamani na bidoni la petroli ya taa. Nilipokiona nilikumbuka ile nyumba ya Rosepark kule Scotland uliyonisimulia, ya tarehe 31 Januari 2004. Moto ulianzia kwenye kabati ya umeme, kabla ya kupambazuka. Wazee 14 walikufa. Milango mingi ya vyumba ilikuwa wazi, moshi ukaingia, na wazima-moto walichelewa kuitwa kwa sababu wahudumu walianza kwanza kutafuta moto uko wapi. Nyumba yenyewe ilikuwa na kengele ya hatari! Hapa hakuna kengele, na gari la zimamoto hata likifika halitapita kwenye kile kinjia chetu cha ngazi. Hapa mtu ataokolewa na aliye karibu, na aliye karibu ni yule msichana.

Tena kuna babula, jiko la makaa. Unajua baridi ya hapa juu usiku wa mvua, mifupa ya mzee haiivumilii. Kuna mama mmoja anadai babula yenye makaa yaliyobaki iingizwe chumbani kwake, mlango ufungwe, na kwa huruma wanamkubalia. Hewa ile ya makaa haina harufu wala rangi, inaua mtu amelala. Niliitoa nje mimi mwenyewe, naye akaniambia nimekuja kumwua kwa baridi. Tukamwongezea blanketi, tukamtilia maji ya moto kwenye chupa, tukaifunga kwa kitambaa. Asubuhi aliniambia chupa ni nzuri kuliko babula, haimkohozi.

Nilikesha nikisikiliza. Yupo mzee aliyepooza, haamki, hageuki. Ulishaniambia mtu wa namna hiyo, mwenye hatari kubwa ya vidonda vya kulalia, huko kwenu anageuzwa angalau kila saa nne. Yule msichana hawezi kumgeuza peke yake, mzee ana mwili mkubwa. Hivyo analala upande mmoja hadi masista waamke. Na dawa za usiku ziko kwenye vifuko vidogo vya farmasi, vingine havina jina, msichana anazijua kwa rangi. Siku akiumwa yeye, nani atajua ya presha ni ipi? Unaona, kila nilichokigusa kilinirudisha pale pale: mtu mmoja usiku, na ufunguo nje.

Nilileta maneno haya kwenye kamati. Mwenyekiti wetu akasema masista wanajitolea, tusiwaaibishe. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Kumwambia anayejitolea kwamba mlango unaweza kuwaua watu anaowapenda, hiyo ni heshima, si aibu. Na sista mkubwa ndiye aliyesimama wa kwanza kuniunga mkono. Akasema ufunguo wa pili utatengenezwa na utatundikwa ndani, karibu na mlango, mahali msichana anapoufikia gizani. Petroli imekwisha kutoka kistooni, magodoro yanafuata. Babula sasa inabaki jikoni baada ya chakula cha jioni. Kinachobaki ni mhudumu wa pili wa usiku, na huyo ana mshahara, na mshahara ndio hapo watu walianza kuangalia saa zao.

Mimi sitaliacha. Nitazunguka kwa wanafunzi wote wa zamani wa Mwalimu, hata yule wa Nguba anayejifanya hatujui. Wewe sikuombi pesa kwanza. Nakuomba ile karatasi mnayoijaza kwa kila mzee, inayosema atatolewaje moto ukitokea: nani anatembea mwenyewe, nani anahitaji wawili, nani anavutwa kwenye shuka. Nipigie picha ya karatasi iliyo tupu, isiwe na jina la mtu. Nitaiweka kwa Kiswahili niibandike kwa ndani ya milango, ili hata mhudumu mgeni aijue usiku wake wa kwanza.

Na unijibu haya. Huko kwenu mazoezi ya moto mnayafanya usiku pia, au mchana tu? Mtu mmoja anaweza kweli kumvuta mzee mzito kwa shuka kwenye ngazi, au mnasubiri mahali fulani nyuma ya mlango uliofungwa? Vyumba vinafungwa milango usiku hata kama mzee analia anaogopa giza? Mkaguzi akifika usiku anamwuliza nani kwanza, mhudumu au mzee? Na dawa, mnaziandika kwenye daftari moja au kila mtu na lake? Wewe mwenyewe, unafanya bado zamu za usiku na ule mgongo wako? Utakuja lini?

Kamati inakutana Jumamosi ijayo. Ukiweza kunitumia picha kabla ya hapo, nitaingia nayo mkononi.

Ni mimi ndugu yako,
Nsimire

Mwalimu anasema umwandikie barua, si ujumbe wa simu, na uweke tarehe juu.