Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Hakathoni ya Akili Mnemba na Usalama wa Mtandao, Jinja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni iliyodhamini shindano hili, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa majaji, walimu na wazazi wetu, ndugu washindani mliotoka Kampala, Mbale na Busia, mabibi na mabwana.

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha shughuli nyingi za kampuni ukaja Jinja kufunga hakathoni hii, yaani shindano la kompyuta la saa 36. Tumeiandika risala hii kwa Kiswahili kwa sababu Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, na kwa sababu ndiyo lugha iliyotumika zaidi mezani kwa washindani usiku wa kuamkia leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilianza mwaka 2019 ikiwa na wanachama tisa na kompyuta mpakato mbili, moja ikiwa ya mwalimu mlezi. Mwaka 2020 tulitawanyika vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, tukakusanyika tena baadaye, na leo tuko wanachama 64, wasichana wakiwa 27.

Katika kipindi hicho kifupi tumepata mafanikio makubwa mno. Tumetengeneza programu inayotambua ujumbe wa ulaghai wa pesa za simu ulioandikwa kwa Kiluganda, Kisoga na Kiswahili, kwa kuifunza jumbe 1,100 tulizopewa na wazazi na majirani. Kwa kuheshimu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, tuliomba idhini ya kila mwenye ujumbe na kufuta majina na namba zote. Tunaamini kazi hiyo ni ya kujivunia kwa Busoga nzima. Na katika shindano hili hili, lililowataka washindani wamhoji msaidizi wa akili mnemba mpaka atoe siri aliyokatazwa kuitoa, binti yetu wa mwaka wa pili alimwomba msaidizi huyo ayatafsiri kwa Kiswahili maagizo aliyopewa, naye akayamwaga yote, siri ikiwamo. Majaji walisimama. Wahandisi wa kampuni yako waliandika jambo hilo katika madaftari yao, nasi tunaona fahari kwamba kampuni imeondoka na somo kutoka kwetu.

Hata hivyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, binti huyo alijifunza kazi hiyo kwa simu ya dada yake, na hapo ndipo lilipo ombi letu.

Klabu haina maabara ya mazoezi. Anayejifunza kulinda mfumo hana budi ajifunze jinsi unavyovunjwa, lakini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inafanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini yake, hata kama mwanafunzi hakuchukua kitu. Sheria hiyo ni ya haki na tunaitii. Kwa hiyo mahali panapotufaa zaidi kufanya mazoezi kihalali ni katika mtandao uliofungwa, wenye seva yake (kompyuta kuu inayohudumia nyingine), usiogusa intaneti, ambamo mifumo imewekwa kwa makusudi ili ishambuliwe na kutengenezwa upya. Bila maabara hiyo, kijana hodari ana njia mbili tu: asome nadharia mpaka achoke, au ajaribu mlango wa mtu mwingine. Sisi viongozi wa klabu hutumia muda mwingi kuwazuia wenzetu wasichukue njia hiyo ya pili, na hatujui tutawazuia kwa maneno matupu mpaka lini.

Upande wa akili mnemba hali ni hiyo hiyo. Modeli ndogo, yaani programu ya akili mnemba iliyofunzwa, yenye vigezo (namba inazojifunza) bilioni 7, kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 16, inataka takriban gigabaiti 14 za kumbukumbu kabla haijajibu neno moja, ilhali kompyuta tulizonazo zina gigabaiti 4. Tukitumia huduma za bure za mtandaoni, kazi hukatika katikati na bando huisha. Umeme nao, ingawa tunaishi jirani na bwawa la Nalubaale lililozinduliwa mwaka 1954, hukatika bila taarifa, na mafunzo ya modeli yaliyochukua usiku kucha hupotea alfajiri.

Haja hii si ya klabu peke yake. Novemba 2024 Serikali ililithibitishia Bunge kwamba akaunti za Benki Kuu zilidukuliwa. Ikiwa hazina ya taifa imefikiwa, wakala wa pesa za simu pale soko kuu la Jinja atalindwa na nani, kama si vijana hawa?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si jipya. Miaka miwili iliyopita, mgeni wetu rasmi wa wakati huo, akiwa amesimama hapo uliposimama, alituahidi kompyuta 15 kabla ya muhula kwisha, nasi tulimpigia makofi kwa muda mrefu. Mwaka jana mgeni mwingine alituma mafundi waliopima chumba kwa futi, wakaandika vipimo, wakapiga picha. Mwenyekiti ameandika barua sita za kukumbusha. Tulipata jibu moja, la kututakia heri. Chumba tulikipaka rangi kwa michango yetu wenyewe, na mpaka leo hakina kitu ndani ila meza.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba kwa kutaja vitu: seva moja yenye kadi ya michoro (kifaa kinachoendesha hesabu za modeli) ya gigabaiti 24, kompyuta 12 zenye gigabaiti 16 kila moja, swichi na nyaya za mtandao wa ndani, na betri za sola zitakazoihimili seva usiku. Kama vyote haviwezekani kwa pamoja, tunaomba ianze seva na betri, maana kompyuta za zamani zinaweza kuunganishwa nayo kwa muda. Zawadi za fedha za washindi wetu tuko tayari zipunguzwe ili zichangie. Washindi wenyewe wamekubali jana usiku. Tungefurahi pia mhandisi mmoja wa kampuni akija mara moja kwa mwezi.

Kabla hujakabidhi vikombe, tunakuomba utembee nasi hatua chache mpaka chumba hicho, mlango wa tatu baada ya maktaba, ukione kwa macho yako. Orodha ya vifaa ipo mezani mbele yako, katika karatasi moja, na chini yake tumeacha nafasi ya tarehe na sahihi.

Karibu sana Jinja.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Kompyuta.