Mafuta ya mashine hayapakwi kwenye maganda ya risasi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wawindaji wa Texas wanaojijazia risasi majumbani ilikuwa nzuri, isipokuwa pale mlipoandika kwamba ganda lililokwisha kupigwa (kile kikopo cha risasi kinachobaki, ambacho hujazwa tena) hulowekwa mafuta ya mashine, kisha hukandamizwa kwa presi hadi lirudie umbo lake la kiwandani. Hapo pana makosa matatu, na msomaji akiyafuata ataharibu vifaa vyake kwanza, kabla hajaharibu kingine. Ganda halilowekwi. Mafuta ya mashine hayafai. Na umbo la kiwandani silo linalotafutwa.

La sheria tulimalize mapema. Huku Marekani sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza, anahitaji leseni ya mtengenezaji. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni jinai, kwa hiyo msomaji aliye huko ayachukue haya kama maarifa tu.

Tuchukue risasi ya .308 Winchester, ambayo wengi huku huwindia kulungu na nguruwe mwitu. Ganda lake ni la shaba njano: asilimia 70 shaba nyekundu, asilimia 30 zinki. Risasi inapopigwa, shinikizo ndani yake huweza kufika baa 4,000, na kuta za ganda hutanuka mpaka zikashikamana na chemba ya bunduki. Kisha hunywea kidogo, lakini haziwi tena kama zilivyokuwa. Dai ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa kwa ndani umbo la ganda, chembamba kidogo kuliko chemba. Presi hulisukuma ganda humo kwa nguvu ya mkono iliyozidishwa na wenzo. Shaba laini ikisuguana na chuma kwa nguvu hiyo bila utando katikati, hunata kwenye chuma, na ganda hukwama.

Utando huo hauhitaji kuwa mnene, unahitaji kustahimili mgandamizo. Mafuta ya injini, ya cherehani, na ile dawa ya kupulizia nati zenye kutu, yote hukamuliwa pembeni mara tu ganda linapobanwa, yakaacha chuma na shaba vikigusana. Kinachofanya kazi ni nta iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, au lanolini, yaani mafuta yatokanayo na manyoya ya kondoo. Lanolini mtu huchanganya mwenyewe: mililita 30 za lanolini ya kimiminika kwa mililita 360 za alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 inayouzwa kwa ajili ya vidonda ina maji mengi, na lanolini haikai vizuri ndani yake. Chupa ya lanolini iwekwe kwanza kwenye maji ya moto ili ilainike, ndipo imiminwe na kutikiswa. Alkoholi hiyo hushika moto upesi, basi dirisha liwe wazi na jiko liwe mbali.

Maganda yawe yamesafishwa kabla ya kupakwa, kwani chembe moja ya mchanga hukwaruza dai, na dai lililokwaruzwa hulikwaruza kila ganda linalofuata. Maganda 50 hutiwa kwenye mfuko wa plastiki, yakapuliziwa mchanganyiko huo mara nne au tano, yakatikiswa na kugeuzwa geuzwa, kisha yakatandazwa kwenye trei. Halafu subira. Wengi hukosea hapa: hubana maganda yakiwa bado mabichi. Alkoholi si kilainishi, ni kibebeo tu, na mpaka ikauke ile lanolini haijawa utando. Dakika kumi zinatosha, kwenye baridi zaidi. Ganda likishikwa liwe na utelezi mdogo kwenye vidole. Likilowesha vidole, limezidi.

Kuzidi nako kuna adhabu yake. Kimiminika hakikandamiziki, kwa hiyo mafuta ya ziada husukumwa juu hadi kwenye bega la ganda (pale linapopungua upana kuelekea shingo), yakakosa pa kwenda, yakaibonyeza shaba. Ganda hutoka na vishimo laini begani. Kishimo chenye kina kidogo hujinyoosha chenyewe risasi inapopigwa. Kile chenye mkunjo mkali ni cha kutupa. Vishimo vikianza kuonekana, dai limejaa mafuta: lifunguliwe, lifutwe ndani kwa kitambaa chenye spiriti, na tundu lake la kupumulia, kama lipo, lizibuliwe. Anayetumia nta badala ya kupulizia apake kwa ncha za vidole kwenye kiwiliwili cha ganda, zaidi kuelekea kitakoni ambako msuguano ni mkubwa, na begani asipake.

Shingo ni habari nyingine. Ndani ya dai kuna kifundo cha chuma kinachopanua shingo wakati ganda linashuka. Shingo ikiwa kavu ndani, presi hulia kama mlango wenye bawaba kavu, na sauti hiyo ina maana: kifundo kinaivuta shingo, na bega linasogea mbele, yaani kazi iliyofanyika wakati wa kupanda inatanguka wakati wa kushuka. Brashi ndogo ya nailoni yenye unga wa grafiti ikipitishwa mara moja ndani ya shingo, kelele hukoma.

Sasa umbo. Maelekezo ya kawaida ya dai husema: inua kishikio cha ganda hadi juu, zungusha dai mpaka liguse kishikio, shusha, ongeza robo mzunguko, funga nati. Ganda litaingia kwenye bunduki yoyote ya aina hiyo, ndiyo, lakini mara nyingi bega litakuwa limerudishwa nyuma kupita kiasi. Kila risasi ikipigwa, ganda hunyooka mbele kuziba nafasi hiyo, na shaba ya kunyookea hutolewa kwenye ukuta ulio juu kidogo ya kitako. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, ukuta huo huwa mwembamba, na siku moja ganda hukatika sehemu mbili ndani ya bunduki, gesi ya moto ikitafuta pa kutokea karibu na uso wa mpigaji. Dalili yake ni mstari unaong'aa unaozunguka ganda karibu na kitako. Mstari pekee si ushahidi, kwa kuwa dai nalo huacha alama hapo. Kipande cha waya chembamba kilichopindwa ncha kikipitishwa ndani ya ganda na kukwaruzwa ukutani, kikinasa kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha.

Kinachotakiwa ni kulirudisha bega kidogo tu kutoka pale lilipokuwa baada ya kupigwa katika bunduki ile ile: milimita 0.025 hadi 0.05 kwa bunduki ya kukoki kwa mkono, na 0.08 hadi 0.10 kwa ile inayojikoki yenyewe, maana hiyo haina mkono wa kulisindika ganda lililobana. Pima maganda machache yaliyopigwa, kwa venia (kipimo cha kubana kinachosoma sehemu ndogo za milimita) yenye kipimio cha bega, andika kipimo, kisha anza na dai likiwa juu na ulishushe hatua kwa hatua. Skrubu ya dai ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima ni milimita 1.8, ukilizungusha kwa kadiri ya dakika moja kwenye uso wa saa, limeshuka milimita 0.03. Robo mzunguko ya yale maelekezo ni karibu milimita 0.45! Msomaji ajipimie mwenyewe tofauti hiyo. Jambo linalowashtua wanaoanza: dai linaposhuka, kipimo cha bega kwanza huongezeka kabla ya kupungua. Ubavu wa ganda unabanwa, shaba inakimbilia juu, na bega bado halijaguswa. Si venia iliyoharibika. Endelea kushusha.

Ganda likianza kugoma katikati ya safari, simama. Likiwa halijaingia sana, lirudishe taratibu, upake tena. Anayeendelea kuvuta hung'oa ukingo wa kitako, na ganda hubaki ndani ya dai bila pa kushikwa. Hapo presi haisaidii tena. Toa dai, fungua fimbo ya pini (inayosukuma nje fataki, kile kiwashio kidogo cha baruti kilicho kitakoni) uivute juu kadiri inavyokubali, toboa kitako cha ganda kwa keekee ya milimita 5, chonga nyuzi za skrubu ndani ya tundu hilo kwa tepu ya M6 (chombo cha kuchongea nyuzi), weka kipande cha bomba kipana kuliko kitako juu ya mdomo wa dai, pamoja na washa (kipete bapa cha chuma) na bolti, kisha kaza kwa spana. Bolti inapokazwa, ganda hutoka lenyewe. Nyundo haina kazi hapo. Fimbo hupinda na dai huharibika. Na hayo yote ni kwa ganda ambalo fataki yake imekwisha kulipuka au kutoka. Ganda lenye fataki nzima halitobolewi kamwe.

Baada ya kubanwa, mafuta yote yatolewe. Makala haikutaja hili hata kidogo. Ganda kavu hushikamana na kuta za chemba risasi inapolipuka na kubeba sehemu ya msukumo. Lenye mafuta huteleza, na msukumo mkubwa zaidi huangukia bolti ya bunduki, yaani kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma. Mafuta yaliyobaki ndani nayo huchafua baruti na kuua fataki. Robo saa kwenye chombo cha kutikisa chenye punje za magunzi ya mahindi inatosha, kisha kila tundu la fataki liangaliwe, kwa kuwa punje hupenda kujibana humo. Ndipo urefu upimwe, si kabla, maana kubana hurefusha ganda: la .308 lisizidi milimita 51.18, na likizidi hukatwa hadi 50.93. Kiasi cha baruti hatukiandiki gazetini. Hicho hutafutwa kwenye vitabu vya watengenezaji wa baruti yenyewe, kwa kichwa kile kile cha risasi.

Kuna swali la msomaji mliloliacha bila jibu: kama maganda ya risasi za zamani za majeshi ya Kirusi yanafaa. Kwa kawaida hayafai. Mengi ni ya chuma, na ndani ya kitako yana matundu mawili madogo pembeni badala ya moja katikati, hivyo pini ya dai hukuta ukuta na kuvunjika. Mulika tochi ndani kabla ya kubana. Mfumo huo wa matundu mawili ulibuniwa na Mmarekani, Hiram Berdan, na ule wa tundu moja na Mwingereza, Edward Boxer. Lakini leo Wamarekani ndio wanaoshikilia wa Mwingereza.

Mwisho, ile picha ya maganda machafu yakimiminwa kwenye beseni la jikoni kwa mikono mitupu. Masizi ya fataki yana risasi, ile metali yenye sumu, na vumbi la chombo cha kutikisia limejaa hiyo. Maganda yachekechwe nje, kwa glovu na barakoa, watoto wakiwa mbali. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na beseni hilo lisirudi jikoni.

Wasomaji wenu,
Dallas, Texas