Walijua mwanangu alizama, wakaniambia ana mafua

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia alfajiri, wa Ujiji tumeshaadhiniwa na mimi usingizi sijaupata. Nikisinzia kidogo nasikia kama anahema vibaya, nanyanyuka, naweka mkono kifuani kwake. Mzima, kalala zake. Daktari ameshasema amepona. Mimi ndiye sijapona.

Wewe unatujua wa huku, mtoto wa Kigoma na ziwa huwatenganishi. Siku ile alikuwa Kibirizi kwa bibi yake, mimi niko Mwanga sokoni na samaki wangu, migebuka. Sikumtupa kwa mtu, walimwomba wenyewe. Wifi akashuka naye mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kufua. Kuzama kwenyewe simlaumu mtu. Shuleni tulisoma kwamba Tanganyika ina kina cha mita 1,470, ila mtoto wa miaka 6 anamalizwa na mita moja, na kwetu hatua mbili maji yako magotini, ya tatu hukanyagi chini. Hata watu wazima yanawachukua. Kinachoniuma ni kwamba hawakuniambia.

Jioni namfuata, namkuta kajikunyata mkekani, anakohoa. Nauliza, wifi anasema mafua, kacheza majini mno. Mama mkwe yupo pale pale, kimya! Kumbe mwanangu alitolewa majini na kijana wa mitumbwi, hana nguvu, wakamshika miguu wakamning'iniza kichwa chini ati maji yatoke. Akatapika, akalia, wakaona yamekwisha. Mimi naambiwa mafua.

Usiku kikohozi hakikatiki. Anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, pua zinachanua, midomo imegeuka rangi. Namwita, anafumbua macho kama hanijui. Nikapanda naye bodaboda. Daktari swali lake la kwanza: leo aliingia majini? Nikasema ndiyo, aliogelea. Alizama? Nikasema hapana. Niliapa, Shangazi! Nilimpa daktari uongo bila kujua, kwa sababu ya watu wengine. Akasisitiza nipige simu. Wifi kapokea, ndipo anasema, "Alikunywa maji, lakini kidogo tu."

Kidogo tu. Daktari alinieleza kwamba si lazima yawe mengi. Yakipita njia ya hewa yanaharibu ule utando unaofanya vifuko vya mapafu vikae wazi, mapafu yanavimba, yanaanza kutoa majimaji yake yenyewe, na hewa haifiki kwenye damu. Ndiyo maana mtoto anaweza kutoka ziwani akatembea, akala hata ugali, kisha saa kadhaa baadaye akabadilika. Mara nyingi dalili zinajionyesha ndani ya saa 8. Na kumning'iniza kichwa chini hakutoi maji ya mapafuni, kunamtapisha tu, na matapishi yakirudi kifuani ni balaa jingine. Aliyetolewa majini akawa anakohoa au anahema kwa shida anapelekwa hospitali saa ile ile, aangaliwe. Mwanangu alikohoa tangu mchana! Walikuwa wanamwona. Aliwekewa oksijeni mpaka kifua kikatulia, na Mungu ni mkubwa, aliamka anaulizia chai.

Sasa majirani wananiletea sauti za WhatsApp, ati mtoto anaweza kukaa wiki nzima akicheza halafu aanguke afe kwa maji aliyokunywa, wanaita kuzama kwa pili. Nilipata hofu nikarudi kuuliza. Daktari akakataa. Kasema wao hawana kuzama kwa kwanza wala kwa pili, kuzama ni kuzama, na aliyepitisha hizo saa bila kikohozi, bila kuhema vibaya, bila kulegea, hatari imempita. Anayezidiwa anaonyesha. Ndipo roho ilipozidi kuniuma, maana dalili zilikuwepo na mimi mama yake nikafichwa.

Baba yake alikuwa kambini kusini, kwenye dagaa. Dada yake alimwahi kwa simu, akamwambia nimonia. Sasa mwezi umeng'aa, dagaa hawavuliki, karudi nyumbani, na neno lake la kwanza ni kwamba nimwombe wifi radhi kwa kumpayukia mbele ya watu hospitali. Mimi niombe radhi? Sikumtukana. Nilisema, "Ulitaka kuniulia mwanangu," na leo hii nasema tena. Mama mkwe naye anasema ni jini la ziwa, tufanye kisomo. Kisomo sikatai, dua ni dua, lakini kwanza mtu aseme kweli.

Karatasi ya hospitali ninayo, imeandikwa kuzama. Sijamwonyesha mume. Nikimwonyesha, namjua, atamfukuza dada yake, na yule ana wanawe wawili, hana pa kwenda. Tena ndiye aliyenikanda maji ya moto nilipojifungua, na ndiye anayenishikia mtoto nikienda sokoni. Nisipomwonyesha, nabaki mimi mke mwenye mdomo. Nimeiweka chini ya godoro, naitoa, naisoma, nairudisha.

Nimeapa mwanangu hatakanyaga ziwani tena. Lakini daktari anasema nisimkataze, afundishwe kuogelea, na mtu mzima awe karibu wa kumfikia kwa mkono, si wa kumtazama kutoka kwenye nguo anazofua. Nakubaliana naye. Mtoto wa huku asiyejua kuogelea atazama siku nyingine. Ila kwetu anayejua kuogelea vizuri ni huyo huyo wifi. Mume hajui, mvuvi mzima, na mimi sijui. Na mtoto analia anamtaka shangazi yake.

Jumamosi wanataka kumchukua tena, mume amekubali bila kuniuliza. Sitaki aende. Naye nikimnyima nitaambiwa nimevunja undugu. Shangazi, niitoe ile karatasi kabla ya Jumamosi, au nimwite wifi peke yake kwanza, aseme mwenyewe kwa kaka yake? Usiniambie nisamehe, nimeshasamehe. Nataka tu siku mwanangu akipatwa na jambo, niambiwe.

Mama wa mmoja, Ujiji