Barua ya wazi kwa wanangu wenye maduka ya nyuzi, kabla theluji haijaanguka

Wanangu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi mnaosimamia maduka madogo ya nyuzi za kufuma katika miji ya baridi huku Marekani, iwe Minneapolis, Columbus, Portland ya Maine au kwingineko, wengi wenu mkiwa na msaidizi mmoja tu na kodi ya pango isiyosubiri mtu. Msimu wa sikukuu unabisha hodi. Kuanzia Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, hadi mwaka mpya, mtapokea watu ambao hamkuwaona tangu masika. Nina neno moja kubwa la kuwaambia, na mengine yote yanalizunguka hilo: mwuzieni mteja kazi atakayoimaliza.

Mama anaingia tarehe 10 Desemba, anataka madonge manane ya sufu amfumie mumewe sweta ya Krismasi. Ukitazama daftari la mauzo, huyo ni neema. Lakini hesabuni naye. Sweta ya mwanamume mwenye mwili hula mita 1,400 hadi 1,600 za uzi wa unene wa kati, ule wenye alama ya 4 kwenye lebo. Mfumaji wa kawaida huhitaji saa 60 hivi, na wengi huzipita. Amebakiwa na siku 15, kwa hiyo ni saa nne kila siku, katika mwezi wa wageni na mapishi. Hatamaliza. Tarehe 24 ataisukuma sweta isiyo na mikono chini ya kitanda, na kila akiiona atalikumbuka duka lenu kwa uchungu. Mwambieni kwa upole: mama, mfumie kofia sasa, na sweta tuianze pamoja Januari. Atatoka na donge moja badala ya manane, ila atarudi.

Kwa hiyo meza ya mbele ifuate kalenda. Septemba na Oktoba ni miezi ya sweta. Hadi Thanksgiving wekeni uzi mwembamba wa soksi, gramu 100 zenye mita 400 hivi, unaotosha jozi moja ya mtu mzima, pamoja na nyuzi za skafu. Ikiingia Desemba, hamisheni yote nyuma na mpange kofia na glavu. Baada ya tarehe 15, mbele ibaki na uzi mnene wa alama ya 5 na ya 6, pamoja na sindano za milimita 8 kwenda juu, kwa sababu kofia ya uzi huo humalizika kwa saa tatu au nne. Kuanzia tarehe 20, wekeni kadi za zawadi na vifurushi vya mtu anayejifunza. Msione uvivu kuhamisha rafu mara nne. Mteja mwenye haraka hununua kilicho mbele ya macho yake.

Kwenye kofia nitakaa kidogo, maana ndiyo mkate wa Desemba na ndiyo inayoharibika zaidi. Kichwa cha mtu mzima ni sentimita 56 hivi. Kofia hufumwa ikiwa ndogo kwa sentimita 5 ili ishike, yaani 51. Kwa uzi wa alama ya 4 na sindano za milimita 5, ambazo Wamarekani huziita namba 8, watu wengi hupata vitanzi 18 katika sentimita 10. Hapo vitanzi vya kuanzia ni 92, na 92 inagawanyika kwa nne, kwa hiyo ule ukingo wa vitanzi viwili viwili unakaa sawa. Sasa chukueni mtu mwenye mkono unaobana uzi anayepata vitanzi 20: vitanzi vilevile 92 vitampa sentimita 46, kofia ya kuumiza kichwa. Mwenye mkono mlegevu anayepata 16 atafika sentimita 57 na nusu, na kofia itamwangukia mvaaji machoni. Uzi ni uleule, sindano ni zilezile, kilichotofautiana ni mkono. Ndiyo maana nawasihi mwekeni mteja kitini dakika kumi, afume kipande kidogo, mpime kwa rula kabla hajalipa. Akibana, mpeni sindano ya milimita 5.5, akilegeza, mpeni ya 4.5.

Na sindano zenyewe: zinazoisha kwanza kila Desemba ni za mduara zenye urefu wa sentimita 40, milimita 4.5 na 5, kwa sababu kofia hufumwa kwa mviringo. Duka likiwa na uzi wa kofia lakini sindano hizo zimekwisha, limemfungia mteja mlango. Wekeni angalau jozi kumi na mbili za kila kipimo, pamoja na zile seti za sindano tano zenye ncha pande zote mbili za kufungia utosi. Agizeni mapema, Septemba ikiwezekana. Maghala mengi ya jumla hufunga au hupunguza kazi kati ya Krismasi na mwaka mpya, na mzigo ulioagizwa katikati ya Desemba huwakuta mkipiga hesabu za kufunga mwaka.

Katika kununua mzigo, kosa ninaloliona kila mwaka ni kupenda wingi wa rangi. Rangi 60 zenye madonge matatu matatu zinapendeza ukutani, lakini hakuna anayeweza kufuma sweta kwa madonge matatu. Afadhali rangi 20 za uzi mmoja mzuri wa kati, kila moja madonge kumi, yote ya mkupuo mmoja wa kutiwa rangi. Sweta ya mwanamke wa kawaida inataka madonge matano au sita ya gramu 100, kwa hiyo mkiuza moja mnabaki na akiba ya kofia. Nyuzi za kumetameta na za manyoya zichukueni chache sana, kwa sababu baada ya Januari hazina mwenyewe.

Huo mkupuo usipuuzwe. Kila lebo ina namba ya rangi na namba ya mkupuo. Nyekundu ya mkupuo mmoja na nyekundu ya mwingine zinafanana chini ya taa ya dukani, lakini juani mstari unakata kifuani kama kovu. Mteja anayenunua uzi wa sweta mwandikieni namba zote mbili kwenye risiti, na mtunzieni donge moja la ziada chini ya kaunta, lenye jina lake, hadi 15 Januari. Hamtoi kitu, mnalishikilia tu. Ikitokea limekosekana, mwonyesheni namna ya kuchanganya: kabla donge la mwisho la zamani halijaisha, afume mistari miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa mpya, kwa urefu wa sentimita 10 hivi. Jicho halitaona mpaka.

Jumamosi inayofuata Thanksgiving huitwa siku ya biashara ndogo, nayo imeadhimishwa tangu 2010. Mtasukumwa mtoe punguzo. Fanyeni hesabu kwanza. Donge mlilonunua kwa dola 7 mkaliuza 14 linaacha dola 7. Likipunguzwa asilimia 20 linauzwa 11.20 na kuacha 4.20. Maana yake ni kuuza madonge matano ili mpate dola 21 ambazo mngezipata kwa matatu. Na madonge hayo mawili ya ziada ndiyo mzigo ambao Januari mngeuuza kwa bei kamili. Kama lazima mtoe kitu, toeni kazi ya mikono: kuviringiwa uzi bure, au nafasi ya somo la saa moja. Punguzo la pesa liwe kwa nyuzi zinazoondoka kabisa dukani.

Kuviringa uzi, kwa kweli, ni mahali pa kuchunga. Uzi unaokuja umekunjwa kwa mzunguko mkubwa na kusokotwa lazima uvalishwe kwenye mwavuli wa kuzungushia, kisha uviringwe kwa mashine kuwa donge. Vijana wenye haraka hukata zile kamba ndogo zinazoufunga kabla hawajauvalisha. Hapo mita 400 za soksi zinageuka kichaka, na nusu saa inapotea huku foleni ikitazama. Utaratibu ni huu: ufungue, ushike kwa mikono miwili, uukung'ute mara mbili, uvalishe, uhakikishe hakuna kitanzi kilichopita juu ya kingine, ndipo ukate kamba. Zungusheni polepole. Sufu iliyovutwa kwa nguvu ikaviringwa imebana hukaa imenyooka. Mteja hufuma, hufua, na kazi hurudi kwenye urefu wake wa asili, yaani hupungua. Siku za msongamano toeni kitambulisho chenye namba, mteja aende akanywe kahawa. Na msiviringe kabla ya malipo, kwa sababu uzi ulioviringwa haurudi rafuni. Andikeni kaunta wazi: kurudisha ni hadi 31 Januari, lebo iwepo, risiti iwepo, uzi usiwe umeviringwa.

Meza ya msaada itawameza msipoiwekea mpaka. Dakika kumi za kwanza bure, zaidi ya hapo ni somo na lina bei. Makosa ni yaleyale. Mtu alianza na vitanzi 92, sasa ana 97: ameusahau uzi mbele ya sindano, kila mara ukajipandisha juu na kuzaa kitanzi kipya chenye tundu chini yake. Mwingine ameangusha kitanzi, kikafunguka mistari mingi kama ngazi. Chukueni ndoano ya kroshia ya milimita 4, mkishike kitanzi kutoka mbele, mdake kijiti cha ngazi kilicho juu yake, mkivute kipite ndani, mpande hivyo mstari kwa mstari hadi kwenye sindano. Mwacheni mteja afanye ngazi za mwisho kwa mkono wake. Akiweza hilo, hataogopa tena.

Mwulizeni kila anayefuma zawadi: je, atakayeivaa anajua kufua sufu? Wengi hawajui. Sufu ya kawaida ikitiwa kwenye mashine yenye maji moto hushikamana na kusinyaa, sweta ya baba ikamtosha mtoto. Kwa hiyo mwelekezeni kwenye sufu iliyotengenezwa iweze kufuliwa kwa mashine, na mumwonye kwamba hiyo nayo huongezeka urefu ikilowa, ndiyo maana kipande cha majaribio hufuliwa kabla ya kupimwa. Kila mfuko wa zawadi utoke na lebo ya uzi ndani yake.

Msimu huu watu huleta pia nyuzi za bibi zao kutoka darini, wanatafuta rangi inayolingana. Zipokeeni karibu na mlango, ndani ya mfuko uliofungwa, msizilaze rafuni hata kidogo. Viwavi vya nondo hula sufu, na mayai yake ni vigumu kuyaona. Mwenye shaka auweke uzi kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Na rafu ya chini iinueni sentimita 15, maana viatu huingia na theluji yenye chumvi ya barabarani, na sufu hufyonza.

Sasa jambo ambalo ninyi mna haki nalo kuliko wenye maduka wengine. Kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika huadhimisha Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, na maneno yake ni ya lugha yetu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Hata kinara na mishumaa saba huitwa hivyo hivyo. Zawadi nazo huitwa zawadi, na zilizotengenezwa kwa mikono ndizo zinazopendwa. Wekeni nyeusi, nyekundu na kijani za uzi mmoja wenye unene mmoja, madonge ya kutosha, na msiziondoe mbele tarehe 26 wakati maduka mengine yanabomoa mapambo. Mtu akiuliza namna ya kutamka kujichagulia, mtamkieni polepole, silabi kwa silabi, kwa heshima. Ameipenda lugha yetu akiwa mbali nayo.

Kadi za zawadi: kwa sheria ya nchi, thamani yake haiwezi kuisha kabla ya miaka mitano, na majimbo mengine ni makali zaidi. Pesa yake si mauzo hadi kadi itumike, ni deni lenu. Itengeni. Itengeni pia kodi ya mauzo ya Desemba, ambayo serikali ya jimbo huidai baadaye, na ankara za siku 30 za mzigo wa Novemba. Droo iliyojaa tarehe 24 imebeba pesa za watu wengi.

Tarehe 31 fungeni mapema mhesabu mzigo, donge kwa donge, kwa bei mliyonunulia. Donge lililofunguliwa pimeni kwa mizani ya jikoni. Tarehe 2 Januari dirisha liwe na sweta moja nzuri iliyokamilika, na kando yake madonge sita ya rangi ileile na sindano zake. Yule mama wa tarehe 10 Desemba atapita.

Wenu, mama yenu mkubwa.