Sisi akina Mohamed Ali ni wengi, tuandikeni kwa ukamilifu

Mhariri,

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa mjini nikingoja majibu ya damu. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni akaita, "Mohamed Ali!" Tukainuka watu watatu: kijana wa bodaboda na helmeti yake mkononi, mzee wa kanzu na bakora, na mimi. Muuguzi akatutazama, akaitazama karatasi, akauliza, "Mohamed Ali yupi?" Tukajibu sote kwa pamoja kwamba ni mimi. Nami kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu na mlango, nikaingizwa.

Daktari akaniambia sukari yangu iko juu sana. Niache mahamri, niache chai ya sukari, wali nipunguze, na dawa nianze leo hii. Alikuwa ameshaanza kuziandika nilipoinama nikaona kwenye karatasi ile, chini ya jina langu, miaka 71. Mimi nimezaliwa 1975. Nilipomwambia, alinyamaza, akaigeuza karatasi huku na huku kana kwamba upande wa pili utasema kingine. Nikatoka mbio. Mzee nilimkuta langoni anapanda tuktuk, karatasi yangu imekunjwa ndani ya mfuko wa kanzu. Chumba cha pili walikuwa wamemwambia hana neno, aende zake.

"Shikamoo mzee, hiyo karatasi ni yangu."

"Marahaba mwanangu. Basi yangu iko wapi?"

Tukabadilishana pale pale, kando ya barabara. Angekuwa na miguu ya kijana nisingemwahi, na sijui leo angekuwa na hali gani.

Nimeandika barua hii kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki watu hucheka. Mimi sioni cha kucheka.

Ofisi zetu zinadhani jina langu la pili ni la ukoo. Silo. Ali ni babangu. "Mohamed Ali" maana yake ni Mohamed mtoto wa Ali, basi, na anayeniita "Bwana Ali" anamwita marehemu babangu. Zamani palikuwa na "bin" na "binti" katikati, na kila mtu alielewa. Fomu zikaja na visanduku vyake, "bin" ikaanguka njiani, tukabaki na majina mawili yaliyoelea. Na kwa kuwa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume aghalabu hupewa jina la babu yake, majina yale yale yanazunguka nyumba hadi nyumba. Ndugu zetu Wamijikenda nao wanalijua hili vizuri: Katana Charo humzaa Charo Katana, na karani asiye makini huwafanya mtu mmoja.

Hata wakubwa hawakusalimika. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa hapa Mombasa, aliyefariki Marekani 2014 akaletwa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wao karibu na Fort Jesus, alikuwa Ali bin Al-Amin bin Ali. Jina la babu limemrudia mjukuu. Babake ndiye Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Kisha yuko Alamin Mazrui mwingine, mwanaisimu, aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki. Nimewahi kumsikia msomi mzima redioni akimsifu kadhi kwa tamthilia iliyoandikwa miaka mingi baada ya kadhi kuzikwa. Na hao wana jina la ukoo la kuwatofautisha na watu wengine. Sisi wengine tuna nini?

Jina langu lina watu. Mohamed Ali wa kwanza anayetajwa nikijitambulisha ni bondia, na wengi huamini nilipewa jina hili kwa kuwa nilizaliwa miezi michache tu baada ya yeye kumwangusha George Foreman kule Kinshasa, Oktoba 1974. Sivyo. Ni jina la babu yangu, aliyefariki 1961, wakati bondia huyo bado anaitwa Cassius Clay. Na hilo la Cassius Clay pia lilikuwa la kurithi: la babake, aliyepewa kwa heshima ya mzungu mmoja wa Kentucky aliyepinga utumwa. Yuko Mohamed Ali Pasha aliyeitawala Misri tangu 1805, ambaye msikiti wake ungali juu ya ngome ya Cairo. Yuko Mohamed Ali wa hapa hapa, mbunge wa Nyali tangu 2017, ambaye kwa bahati nzuri watu walimjua kwa lakabu ya Jicho Pevu, jina la kipindi chake cha televisheni. Yuko hata Ali wa vitabu vya hesabu, yule wa "Ali ana maembe kumi, akampa Juma matatu", ambaye hakuzaliwa na hatakufa. Huyo peke yake ndiye asiyedhurika kwa kufananishwa.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Kontena lina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia, ili karani akikosea moja, kosa lijitokeze. Kontena la vigae halitoki Kilindini kwa kuitwa "kontena la bluu". Mohamed wa "m" moja akiandikwa kwa mbili kwenye makaratasi, mzigo unalala, na gharama za kulala zinahesabiwa kila siku. Vigae vinalindwa hivyo, na damu ya binadamu inagawiwa kwa kupaza sauti mlangoni.

Nawe mhariri, naomba unisikilize, maana gazeti nalo lina sehemu yake. Mwaka juzi gazeti moja, si hili lako, liliandika kwamba "Mohamed Ali, mkazi wa Majengo" amefikishwa mahakamani kwa wizi. Hapakuwa na jina la tatu, umri wala kazi. Kesho yake mteja niliyemtolea mizigo miaka tisa alimtuma kijana kuja kuchukua makaratasi yake. Kijana akanikuta mezani ninafanya kazi, akabaki ameduwaa. Mteja alirudi na akaomba radhi. Lakini mke wangu alikuwa ameshaulizwa sokoni mumewe yuko rumande ipi, na hilo halina wa kuliombea radhi.

Mtaani kwetu jambo hili tulilimaliza zamani bila karani wala kompyuta. Tuko wanne wenye jina hili wa umri mmoja. Kuna Mohamed Ali Mrefu, kuna wa Feri, kuna Fundi, na kuna mimi, wa Mama Mahamri, kwa kazi aliyoifanya mamangu alfajiri zote za utoto wangu. Mtaa ulimtazama mama, na jina la mama limo tayari kwenye cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja wetu.

Ninachoomba ni kidogo. Hospitali ziulize tarehe ya kuzaliwa na jina la mama kabla ya kumkabidhi mtu karatasi, na zimwachie mgonjwa ajibu mwenyewe badala ya kumsomea aitikie tu. Magazeti yaandike majina matatu, umri na mtaa, hasa habari inapokuwa ya kesi. Na pale mshtakiwa anapoachiliwa, liandikwe na hilo, kwa majina matatu yale yale.

Mohamed Ali Mohamed (wa Mama Mahamri),
Majengo, Mombasa