Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Chakula na Masuala ya Vijijini wa Uingereza: Mashamba ya Laxton yalindwe kwa sheria

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu Laxton, kijiji cha Nottinghamshire ambacho bado kina mashamba matatu yasiyo na uzio: West Field, Mill Field na South Field. Ramani ya Mark Pierce ya mwaka 1635 inayaonyesha yakiwa yamegawanywa vipande vyembamba, vya kila mkulima vikitawanyika huku na huku. Tangu hapo vipande vimepungua na kupanuliwa, lakini utaratibu haujafa. Mwaka wa kwanza shamba hupandwa ngano ya majira ya baridi, mwaka wa pili zao la majira ya kuchipua, mwaka wa tatu hupumzishwa. Hakuna anayejipangia peke yake.

Kinachoushikilia utaratibu huu ni ukaguzi. Mwishoni mwa Novemba, jopo la wakulima hulizunguka shamba lililopandwa ngano, hutazama mpaka wa kila kipande na kupigilia vigingi upya. Plau ndiyo adui: mkulima akiingia upana wa mkato mmoja tu kila mwaka, baada ya miaka kumi amemeza sehemu ya jirani, au ya njia, au ya ukanda wa nyasi usiolimwa, ambao majani yake huuzwa kwa mnada. Mpaka wa aina hii hauna ukuta wa kuulinda. Una macho ya majirani tu. Aliyevuka hutozwa faini, na mahakama ya kijiji hukaa wiki moja baadaye kuthibitisha.

Serikali yenu iliinunua Laxton mwaka 1952 ili kuihifadhi. Miaka miwili baadaye, nchini Kenya, serikali ya kikoloni iliyokuwa chini yake ilianzisha Mpango wa Swynnerton, uliokusanya vishamba vilivyotawanyika kuwa shamba moja lenye hati. Sisi tunaosoma historia ya ardhi kwa Kiswahili tunajua ni nini hupotea mipaka ikifutwa, na kwamba hakirudishwi.

Mwaka 1981 Laxton ilikwenda kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Ufalme, na mwaka 2020 kwa milki binafsi ya Thoresby. Sheria ya Usimamizi wa Haki ya 1977 iliiachia mahakama yake mamlaka, lakini mahakama bila vipande haina cha kukagua. Tunaomba kifungu kitakachomfunga kila mmiliki ajaye: vipande visiunganishwe, mzunguko wa miaka mitatu usivunjwe, kanda za nyasi zisilimwe. Kabla ya kukiandika, maafisa wako waandamane na jopo siku ya ukaguzi, kuanzia kigingi cha kwanza hadi cha mwisho.

Wako katika kuilinda ardhi,
Wafuatiliaji wa historia ya ardhi na kilimo